Maombi 70, usaili mara tatu: kinachokwama ni nini?

SWALI: Salaam. Mimi ni karani wa stoo kwenye kampuni ya usambazaji, mwaka wa sita sasa. Msimamizi wetu alipoondoka miaka miwili iliyopita kazi zake nikaachiwa mimi, lakini cheo na mshahara vimebaki vya karani. Tangu hapo nimetuma maombi kama 70 ya usimamizi wa stoo na ugavi. Nimeitwa usaili mara tatu, na mara zote sikuvuka hatua ya kwanza. Elimu yangu ni stashahada ya ugavi. Niendelee kutuma, nirudi chuoni nichukue shahada, au nikae nidai cheo hapa hapa? Na nikiendelea kutafuta, nifanyeje bosi asijue?

JIBU: Kabla hujachagua moja kati ya hayo matatu, itazame hesabu uliyoileta mwenyewe. Maombi 70, kuitwa mara tatu. Yaani 67 yaliishia mezani kwa watu ambao hawajawahi kukuona wala kukusikia, kwa hiyo si kujieleza kwako kulikoyaangusha. Usaili nao una lake, tutaufikia, ila mara tatu ni chache mno kumhukumu mtu.

Anayetuma sana asiitwe ana tatizo la CV au la kuchagua matangazo. Anayeitwa kila mara asichukuliwe ana tatizo la usaili. Anayechukuliwa kila mara kwa mshahara wa chini ana tatizo la kujadiliana. Dawa ya moja haitibu jingine, na hapo ndipo watu hupoteza miaka: mtu anaingia chuoni kwa miaka mitatu kumbe kilichokuwa kinamwangusha ni mstari mmoja juu ya ukurasa wa kwanza. Kwako, kwa jinsi ulivyoeleza, mstari huo ni "Karani wa Stoo". Miaka miwili ya usimamizi unayo kichwani na mikononi. Kwenye karatasi haipo.

Kuitia miaka hiyo kwenye CV

Afisa anayechambua maombi haanzi na majukumu. Anaanza na cheo cha sasa, mahali, miaka na elimu, kisha ndipo anaamua kama aendelee kusoma. Akikuta karani anaomba usimamizi, na pembeni ana rundo la wasimamizi wanaoomba nafasi hiyo hiyo, hana sababu ya kushuka chini kutafuta kwamba uliachiwa zamu nzima. Na kama ulivyoandika ni kama wanavyoandika wengi, miaka yote sita iko kwenye fungu moja: majukumu ya ukarani juu, ya usimamizi yamejificha kwenye nukta ya saba.

Cheo chenyewe usikibadilishe. Mwajiri mpya akipiga simu au kutuma fomu ya uhakiki, anachouliza karibu kila mara ni cheo na tarehe za kuanza na kumaliza. Vikipishana na CV, ofa inaweza kufutwa hata kama kazi uliifanya kweli. Neno "Kaimu" nalo lina mwenyewe: kama hukupewa barua ya kukaimu, liache. Unachoweza kufanya bila kudanganya ni kuigawa miaka sita iwe vipindi viwili chini ya mwajiri mmoja. Cha juu kisomeke "Karani wa Stoo, mwenye majukumu ya usimamizi", kuanzia mwezi na mwaka ulipoachiwa kazi hiyo hadi sasa. Cha chini kiwe "Karani wa Stoo" na miaka ya kabla. Cha juu kipe mistari mitano au sita, cha chini mitatu inatosha. Chini ya jina na namba ya simu weka sentensi mbili za utangulizi: miaka sita ya stoo, miwili ya mwisho ukiongoza watu kadhaa, na nafasi unayoitafuta.

Halafu mistari yenyewe. CV nyingi za watu wa stoo zina sentensi ya namna hii:

"Kusimamia shughuli za kila siku za stoo na kuhakikisha kumbukumbu zinatunzwa vizuri."

Sentensi hiyo angeweza kuiandika hata mtu aliyeiharibu stoo. Ilinganishe na hii:

"Nasimamia stoo ya bidhaa 1,400 na watu watano katika zamu mbili. Nilianzisha hesabu ya kila Ijumaa ya bidhaa 100 zinazotoka sana. Tofauti kati ya mfumo na rafu ilishuka kutoka asilimia 6 hadi 2 ndani ya miezi minane."

Namba hizo ni za mfano, weka zako. Kilicho cha kuiga ni mpangilio: ukubwa wa kazi, ulichobadilisha, kilichotokea, kwa muda gani.

Watu wakiambiwa hivi hujibu kwamba hawana takwimu. Mtu wa stoo hawezi kusema hivyo, kwa kuwa stoo huishi kwa karatasi. Chukua ripoti mbili za kuhesabu stoo, moja ya kabla hujaachiwa usimamizi na nyingine ya karibuni. Hesabu bidhaa ambazo idadi ya kwenye mfumo haikulingana na ya rafuni, gawanya kwa bidhaa zote zilizohesabiwa, zidisha kwa 100. Bidhaa 84 kati ya 1,400 ni asilimia 6. Bidhaa 28 ni asilimia 2. Hati za kutolea mizigo zitakupa oda zinazotoka kwa siku na zile zilizorudishwa kwa makosa. Daftari la getini litakuambia lori lilikaa muda gani kabla ya kupakiwa. Orodha ya bidhaa zilizoharibika au kupita muda wake inaonyesha kama kanuni ya kilichoingia kwanza kitoke kwanza ilifuatwa. Ongeza idadi ya vijana uliowafundisha kazi.

Toka na asilimia, muda na idadi ya watu. Thamani ya mali ya mwajiri na majina ya wateja wake viache hapo hapo. Mwajiri mpya akiona unamwaga siri za wa zamani ataanza kuhesabu zake. Na kama takwimu fulani ilizidi kuwa mbaya ulipokuwa unasimamia wewe, si lazima iwe kwenye CV, lakini sababu yake uijue, kwa sababu msaili aliyewahi kukaa stoo huiuliza.

Sasa faili. Kampuni nyingi kubwa hupokea maombi kwa programu inayoisoma CV na kuigawa kwenye visanduku: jina, cheo, tarehe, elimu. Inasemwa sana kwamba programu hizi zinakataa watu zenyewe kwa kukosa maneno fulani. Kinachokata zaidi ni maswali ya mwanzo ya fomu, mfano "Je, una miaka mitatu ya kusimamia wafanyakazi?", ambapo jibu la hapana linaweza kumwondoa mwombaji papo hapo. Kingine ni CV iliyosomeka vurugu, kiasi kwamba afisa akitafuta kwa neno "ghala" jina lako halitokei.

Kuna njia ya dakika mbili ya kujua yako inasomekaje. Fungua PDF yako, chagua maandishi yote, nakili, kisha bandika kwenye programu ya maandishi matupu kama Notepad. Kama tarehe zimekimbilia mwisho, safu ya kushoto imeingiliana na ya kulia, au hakuna kilichobandikwa kwa sababu faili ni picha iliyoskaniwa, tegemea mfumo nao uone hivyo hivyo. Tengeneza upya kwa safu moja, bila majedwali na bila visanduku vya maandishi. Simu na barua pepe viweke kwenye ukurasa wenyewe, si kwenye ile sehemu ya juu inayojirudia kila ukurasa, maana baadhi ya programu hupita bila kuisoma. Kama tangazo linasema "ghala" na wewe umezoea "stoo", tumia neno lao pale linapokuwa kweli. Kurasa mbili zinatosha. Faili liitwe jina lako na nafasi unayoomba. "CV mpya ya mwisho 3" linamwambia afisa mengi kuhusu utakavyotunza leja yake.

Barua ya maombi isizidi nusu ukurasa. Aya ya kwanza itaje nafasi na namba ya tangazo. Ya pili ichukue mahitaji mawili makubwa ya tangazo na kuyajibu kwa mambo mawili uliyofanya. Ya tatu iseme lini unaweza kuanza. Usiirudie CV.

Matangazo ya kuacha

Umesema unaomba "usimamizi wa stoo na ugavi". Hizo ni kazi mbili. Meneja wa ugavi hushika manunuzi, mikataba ya wasambazaji, usafirishaji na utabiri wa mahitaji. Stoo ni sehemu moja tu ya kazi yake. Kwa uzoefu ulionao leo, nafasi hizo zinakula maombi yako bure. Lenga ngazi moja juu yako: msimamizi wa zamu, msimamizi wa stoo, mdhibiti wa hesabu za bidhaa, meneja msaidizi wa ghala kwenye kampuni ya kati. Kwenye kampuni kubwa kuliko yenu, hata cheo kinachosikika cha chini kinaweza kuwa na watu na thamani ya mali kubwa kuliko unavyosimamia sasa.

Kila tangazo lina mahitaji ya lazima na mengine ambayo ni nyongeza tu. Ya lazima uwe nayo yote, ya nyongeza nusu yake inatosha. Ukipungukiwa hitaji moja la lazima, mfano wametaka miaka mitano ya kusimamia na wewe una miwili, liache tangazo hilo isipokuwa kuna mtu wa ndani anayeweza kukutaja. Maombi manne au matano kwa wiki, kila moja likiwa na mistari ya CV iliyopangwa upya kufuata tangazo, yanatosha kwa mtu mwenye kazi. Weka jedwali: tarehe uliyotuma, kampuni, nafasi, toleo la CV ulilotumia, siku ya mwisho ya tangazo, jibu. Fuatilia mara moja, siku saba hadi kumi za kazi baada ya siku ya mwisho. Baada ya maombi 20 ya namna hii, angalia: ukiwa umeitwa mara mbili au tatu, CV imeanza kufanya kazi. Usipoitwa hata mara moja, rudi kwenye cheo na matangazo, usirudi kwenye kuongeza idadi.

Watu usiowakumbuka

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwahoji wataalamu, mafundi na mameneja waliokuwa wamebadili kazi karibuni kwenye mji jirani na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu ni rahisi: wa karibu yako wanajua nafasi zile zile unazozijua wewe. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ulioelekea huko huko, ukaongeza kwamba mtu mnayefahamiana kiasi husaidia kuliko asiyekujua kabisa.

Kwa mtu wa stoo watu hao wako wengi: wenzako waliohama, maafisa mauzo wa wasambazaji wenu, wakaguzi wa hesabu wanaokuja kushuhudia kuhesabu mwisho wa mwaka, aliyewafungia mfumo, fundi wa folklifti anayezunguka maghala yote. Anza na waliohama, maana anayeendelea kuingia getini kwenu atafika na habari zako kabla ya mzigo. Usiombe kazi. Omba maelezo, kwa ujumbe wa namna hii:

"Habari za siku nyingi, kaka. Nimesikia siku hizi uko kwenye ghala la dawa. Nami najipanga kuhamia usimamizi, na ningependa kujua wenzetu wa dawa wanatazama nini zaidi kwa msimamizi. Ukipata dakika 15 wiki hii nitakupigia. Naomba hili libaki kati yetu kwa sasa."

Ujumbe huo haumpi mzigo, na mtu akishakueleza kazi yao ilivyo, nafasi ikitokea jina lako halitakuwa geni kwake.

Kuhusu bosi asijue: barua pepe, kompyuta, printa na intaneti ya ofisini visihusike kabisa. LinkedIn ina mpangilio wa kuwaonyesha waajiri tu kwamba unatafuta kazi, lakini wenyewe wanasema hawawezi kuhakikisha usiri kamili, kwa hiyo nisingeuwasha. Kwenye CV usiweke majina ya wadhamini wa mahali ulipo. Andika kwamba utawatoa utakapoombwa, na ukiulizwa sema wawasiliane na mwajiri wako wa sasa baada ya ofa ya maandishi. Toa badala yake msimamizi wako aliyeondoka. Huyo ndiye mdhamini bora uliye naye: alikufundisha kazi, anaijua nafasi uliyoachiwa, na hayupo tena hapo. Usaili omba uwe asubuhi sana au jioni. Ukishindikana, chukua siku ya likizo badala ya kuugua ghafla mara tatu mwezi mmoja.

Ukitakiwa kulipa ili usailiwe, upimwe afya na "wakala" au uwekwe kwenye orodha, ondoka. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hamtozi mtafuta kazi ada, iwe wazi au kwa kuzunguka, isipokuwa pale serikali imeruhusu kwa makundi fulani. Hata nchi ambayo haijauridhia, kipimo hicho kinakufaa.

Chumba cha usaili

Wewe unasailiwa kwa kazi ya usimamizi, na huenda unajibu kama karani. Karani mzuri husema kumbukumbu ziko sawa. Msimamizi hueleza aliamua nini zilipokuwa si sawa. Swali linalowaangusha wengi ni kama hili: "Tueleze siku uliyogundua upotevu." Jibu la "huwa tunahakikisha kila kitu kinahesabiwa" halina siku wala uamuzi, na hiyo "tu-" ya "tunahakikisha" inamfanya msaili ajiulize wewe ulikuwa wapi. Sikiliza jibu la msimamizi:

"Kwenye hesabu ya Ijumaa betri zilipungua karibu katoni tatu. Nilikuwa na zamu ya mchana, na mimi ndiye niliyepaswa kumweleza meneja. Nilisimamisha utoaji wa bidhaa hiyo moja, nikalinganisha hati za kutolea za siku saba na mfumo. Nikakuta oda tatu zilizotoka kwa katoni lakini ziliingizwa kama pakiti. Niliwapigia wateja, wakathibitisha walipokea katoni. Nilisahihisha mfumo kwa idhini ya meneja, nikaandika kipimo kimoja kwenye kadi ya rafu, na tangu siku hiyo anayetoa na anayeingiza wakawa watu wawili. Miezi mitatu iliyofuata betri hazikupishana tena."

Limebeba hali, wajibu wako, hatua ulizochukua na matokeo, na linaisha chini ya dakika mbili. Nusu ya muda iende kwenye hatua. Wengi huimaliza kwenye kueleza hali. Andaa matukio sita hadi nane ya kweli, yaandike kwa kifupi, kisha yaseme kwa sauti ukiwa na saa. Yaguse mambo ambayo msimamizi hawezi kuyakwepa: mfanyakazi anayechelewa kila Jumatatu, siku watu wawili wameugua na lori liko getini, dereva mnayezoeana anayetaka mzigo kabla ya hati kusainiwa, ajali ndogo ya folklifti, na namna ulivyowaongoza watu ambao jana mlikuwa sawa. La mwisho hilo watakuuliza bila shaka, kwa kuwa ndilo wanalolihofia kwa karani anayepanda.

Ukiulizwa kwa nini unaondoka: "Nafanya majukumu ya usimamizi kwa miaka miwili, natafuta mahali ambapo nafasi hiyo ipo rasmi." Weka nukta hapo. Sentensi ya pili ndiyo inayozaa manung'uniko. Ukiulizwa mshahara mapema, usianze na mshahara wako wa karani, maana utakufuata hadi kwenye ofa. Taja kiwango cha chini na cha juu kinacholipwa kwa nafasi hiyo, ulichokipata kwa watu uliowapigia.

Wakikukataa, usiulize kwa nini hukupata. Swali hilo huzaa jibu la adabu. Uliza hivi: "Kati ya niliyojibu, ni eneo gani moja ningepaswa kuonyesha uzoefu zaidi?" Si wote watajibu, lakini majibu mawili yakifanana umejua pa kurekebisha.

Shahada

Kusanya matangazo 20 ya nafasi unayoilenga, si ya ndoto yako ya miaka kumi ijayo. Hesabu mangapi yanataka shahada kama sharti la lazima. Yakiwa 12 au zaidi, chuo kina hoja, na kisome jioni au kwa masafa bila kuacha kazi. Yakiwa matano, fedha na muda vina matumizi bora. Kwenye eneo lako kuna vyeti vya taaluma vinavyotambulika nje ya mipaka: CIPS kwa upande wa ununuzi na ugavi, ambayo ngazi zake za stashahada ni ya 4, ya 5 na ya 6, na CPIM ya shirika la ASCM, zamani APICS, iliyo karibu zaidi na upangaji na udhibiti wa bidhaa. Kabla ya hivyo vyote, angalia katika yale matangazo 20 ni mfumo gani wa kompyuta unaotajwa mara nyingi. Kama ni SAP na nyinyi mnatumia kingine, hapo ndipo pengo lako lilipo. Na Excel: ujue kutafuta thamani kutoka jedwali moja hadi jingine na kutengeneza jedwali egemeo (pivot table), kwa kuwa baadhi ya usaili hukuweka mbele ya kompyuta ukaonyeshe.

Kudai cheo

Hili lifanye sasa, sambamba na kutafuta nje. Hata wakikunyima fedha, wakikupa barua ya kukaimu umepata kitu ambacho CV yako inakikosa. Andika ukurasa mmoja: kazi ulizopokea na tarehe, zile takwimu tatu nne ulizokokotoa, na unachoomba kwa jina, yaani cheo cha msimamizi wa stoo na mshahara wa ngazi hiyo kuanzia mwezi fulani. Omba kikao na meneja miezi mitatu hadi minne kabla bajeti ya mwaka haijafungwa. Ikishafungwa, hata bosi anayekupenda hana pa kuitoa fedha hiyo. Usitaje kupanda kwa gharama za maisha, ada za watoto wala mshahara wa fulani. Usitishie kuondoka ukiwa huna ofa mkononi.

Akisema "tutaangalia", uliza ni nini kinahitajika na lini mtakutana tena, kisha siku hiyo hiyo mwandikie barua pepe ya heshima: "Asante kwa kikao cha leo. Kama nilivyoelewa, suala la cheo litajadiliwa tarehe fulani. Wakati huo naomba barua ya kukaimu majukumu ninayofanya." Tarehe ikipita bila jibu, jibu umelipata. Mwajiri anayepata msimamizi kwa bei ya karani hana haraka, na si kwa sababu ni mtu mbaya.

Ofa ikifika

Isome yote kabla ya kufurahi: mshahara ghafi na unaobaki baada ya makato, muda wa majaribio, saa za zamu na malipo ya ziada, likizo, bima, notisi, na kama kuna kifungu cha kukata hasara ya stoo kwenye mshahara wako. Kifungu hicho kiulize kwa maandishi: kinahusu hasara ya namna gani, na nani anathibitisha. Ukitaka kuongezewa, omba mara moja, kwa namba, kabla hujasaini: "Nafasi imenipendeza. Kwa ukubwa wa stoo na zamu mbili, ningeomba tufike kiasi fulani." Kisha nyamaza usubiri. Fedha ikigoma, omba tathmini ya mshahara baada ya miezi sita iandikwe kwenye barua.

Usiandike barua ya kuacha kazi hadi mkataba usainiwe na pande zote na masharti yake, kama uhakiki na vipimo vya afya, yawe yamekamilika. Mwajiri wa sasa akikurudia ghafla na cheo alichokunyima, pima kwa kilichoandikwa, si kwa alichokisema.

Siku za notisi, kwa mtu wa stoo, kazi kubwa ni moja. Usikabidhi funguo bila kuhesabu. Andika kuomba hesabu ya pamoja kati yako, anayepokea na mtu wa uhasibu. Mzigo uliopokelewa lakini haujaingizwa na uliouzwa lakini haujachukuliwa uorodheshwe peke yake, na nywila yako kwenye mfumo ifungwe siku hiyo hiyo. Upungufu ukionekana, uandikwe ulivyo na maelezo yako pembeni. Wote watatu wasaini kila ukurasa, na nakala moja uondoke nayo, kwa sababu upungufu utakaogundulika mwezi mmoja baadaye utatafutiwa mtu, na aliyeondoka ndiye rahisi kutajwa.